Umestaafu, sasa nani anakungoja?

Hapa Kenya mtumishi wa serikali anastaafu akifika miaka 60, mwenye ulemavu ni 65, na tarehe ikikaribia mazungumzo yote ya nyumbani ni mawili tu, kiinua mgongo kitatoka lini na pensheni itakua shilingi ngapi kwa mwezi. Hakuna anayemuuliza huyu mtu, sasa Jumatatu saa mbili asubuhi utakua wapi na nani atakua anakutaka hapo.

Kazi yangu ni okupesheno therapi, yaani tunamsaidia mtu arudi kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa, ajali ama uzee, ingawa hapa Lamu wengi wanatuita tu watu wa mazoezi. Nawaona wastaafu wengi, walimu, manesi, watu wa kaunti, waliofanya bandarini Mombasa maisha yao yote wakarudi nyumbani Mkomani au Langoni, mitaa ya hapa mjini kwetu. Wanakuja kwa goti, mgongo, mkono uliolegea baada ya stroki. Lakini nikikaa na mzee tukapitia siku yake taratibu kuanzia alfajiri mpaka isha, mara nyingi nakuta goti ni nusu ya habari, nusu ya pili ni kwamba kati ya saa mbili asubuhi na adhuhuri hana analofanya kabisa.

Mwanzo hua ni raha, na ni haki yao. Robert Atchley, mwanasosholojia wa Marekani, miaka ya 1970 alieleza kustaafu kama safari yenye hatua, hatua moja akaiita fungate, baadaye mtu anavunjika moyo, halafu polepole anajipanga upya. Si kila mtu anapita zote lakini hio fungate naijua vizuri, manake hapa kwetu inaonekana kwa macho, nyumba inapakwa rangi, mtu anakwenda umra, binti anaozwa, wageni hawaishi. Afu shughuli zikiisha na wageni wakirudi kwao, mzee anabaki na ukumbi mtupu na rimoti ya tivii, na hapo ndipo anapoanza kulala mchana, usiku usingizi haumjii, anakua mkali kwa watu bila sababu, na watoto wanasema baba kabadilika.

Watu wanamwambia tafuta kitu cha kupitisha wakati. Mimi sikubaliani na maneno hayo hata kidogo, wakati unapita wenyewe hata ukilala. Kazi ilikua inampa mshahara lakini ilikua inampa na vitu vingine ambavyo havikuandikwa kwenye payslipu, kuamka kwa sababu, kuvaa nguo ya kutokea, mikono na akili kutumika, na kubwa kuliko yote ni kwamba akichelewa kuna mtu anauliza yuko wapi. Hicho cha mwisho ndicho natafuta kwanza nikimsaidia mstaafu kuchagua shughuli. Namuuliza, siku usipotokea, nani atapiga simu? Kama jibu ni hakuna basi hio shughuli itamsaidia kidogo tu, hata iwe nzuri vipi.

Na si mimi tu nasema. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, umefuata watu wale wale mpaka uzeeni mwao, na jambo lililojitokeza kwa nguvu ni kwamba walio na mahusiano mazuri na watu wanazeeka na afya bora na furaha zaidi. Kamati ya jarida la Lancet nayo mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni (dementia) ambayo yanaweza kupunguzwa, na ndani yake kuna kujitenga na watu, kupungua kwa kusikia na kupungua kwa kuona.

Hapo kwa kusikia nataka nikae kidogo, kwa sababu ndio sababu inayofichika kuliko zote. Mzee alikua hakosi barazani, hakosi darsa baada ya magharibi, ghafla ameacha. Ukimuuliza anasema nimechoka, ama wale watu siku hizi wana porojo. Ukimchunguza, hasikii. Wenzake wanacheka, yeye hajui wanacheka nini, anaogopa kuuliza mara ya pili, anaona bora abaki nyumbani. Mara nyingine ni nta tu imejaa sikioni, hospitali wanaisafisha siku hio hio. Kwa hivyo kabla hujamnunulia baba yako chochote cha kumchangamsha, mpeleke akapimwe masikio na macho, tafadhalini.

Sasa shughuli zenyewe. Wengi wakisikia hobi wanafikiria vitu vya watu wa nje, gofu na kuchora picha, na sisi tumekaa juu ya hazina. Chukua bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, kete 64, na mwanzo kila mchezaji anabaki na kete 22 mkononi ambazo anazinamua, yaani anaziingiza mchezoni, moja moja. Kwa macho yangu ya kazi hio ni tiba tayari. Unashika fungu la kete kwenye kiganja, unatoa moja kwa kidole gumba na cha shahada bila kuangusha nyingine, ni zoezi lile lile ninalompa mtu aliyepata stroki kwa vijiti vya plastiki na analichukia. Zikiisha za mkononi mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo, hapo unazoa shimo zima, unatembeza kete moja moja, na kichwani ushahesabu itaishia wapi, nyumba ya mwenzako, lile shimo lake kuu, inabaki ama inaliwa.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu mkono wake wa kulia ulilegea, alikua bingwa wa bao na akaacha kabisa kwa aibu kwamba anachelewesha watu. Tulimrudisha taratibu. Siku ya kwanza nilikua nimesimama pembeni, kete zikamponyoka zikatawanyika chini, akataka kuhamia mkono wa kushoto, na mzee aliyekua anacheza naye akamwambia, "Mwalimu, tumia mkono uo uo, sisi twangoja." Wakangoja kweli. Watazamaji ambao kawaida yao ni kupiga kelele na kumsomea mtu mchezo wakanyamaza mpaka akaiweka ile kete. Mkono haujarudi wote lakini saa hii akikosa asr moja tu anatumiwa mtoto nyumbani kuulizwa kulikoni. Sina mazoezi kliniki yanayoweza kumfanyia hivyo.

Lakini baraza si dawa yenyewe tu kwa kukaa pale. Kuna baraza za kahawa, bao na habari za mji, na kuna za kutafuna miraa kuanzia mchana mpaka usiku, mtu harudi akala vizuri, halali, presha inapanda. Mstaafu aliyepokea pesa zake juzi anakaribishwa sana kwenye hizo. Nasema wazi, hio si starehe ya uzee.

Wengine roho yao iko baharini. Mtu kafanya ofisini miaka 30, anataka mshipi wake na kidau chake, na mashallah ni jambo zuri, ina mikono, ina jua la asubuhi, ina mwenzio wa kuvua naye na kitoweo unakipeleka nyumbani mwenyewe. Shida yake ni msimu. Wakati wa upepo wa kaskazi bahari imetulia, lakini upepo wa kusi ukishika, haswa kati ya mwezi wa sita na wa nane, mtu wa miaka 65 hana la kutafuta huko nje kwenye kidau kidogo, na hapo nawaona wanaanguka, miezi mizima ya kukaa bure, wakija kurudi kaskazi nguvu zishapungua. Kwa hivyo mpenda bahari namwambia awe na shughuli ya nchi kavu ya wakati wa kusi, kutengeneza nyavu, kuchonga vijahazi vidogo vya mapambo pamoja na vijana, ama kushona kofia.

Kofia naipenda sana kwa wazee wenye subira. Kofia ya vito ina vipande viwili, duara ya juu na mshipi wa kuzunguka kichwa, vinashonwa mbali mbali kabla ya kuunganishwa, kitambaa cheupe kinachorwa ruwaza kwa penseli afu vitundu vinatobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Inachukua wiki nyingi na hilo ndilo jema lake, kila siku unaona ulipofika jana. Nzuri ya mkono inauzwa maelfu ya shilingi na bado ukimpa mjukuu siku ya Idi atakukumbuka nayo. Shona asubuhi karibu na mlango mwanga ukiwa wa kutosha, vaa miwani ya kusomea, kazi iinue juu ya mto ulioweka mapajani usiikunjie shingo, na kila nusu saa inuka utembee. Vidole vikiuma, funga kitambaa kwenye sindano inenepe kidogo uishike bila kuibana.

Kuhusu mama zetu mambo ni tofauti na watu hawayaongei. Mwanamke akistaafu hapa hapumziki, anageuzwa yaya. Siku ya pili tu analetewa wajukuu watatu na mikoba yao, kila mtu anasema sasa mama yuko nyumbani. Kulea wajukuu ni neema, wengi wanafurahia kweli kweli, ila kuna nesi mstaafu alinieleza analia jikoni kwa sababu hata darsa ya wanawake hawezi kwenda. Huyo hakukosa shughuli, amekosa shughuli yake. Dawa ilikua kukaa na watoto wake wakubwa, tukakubaliana siku mbili kwa wiki mama haachiwi mtoto yeyote, na siku hizo anakwenda kusuka mikeka na wenzake. Wanakaa pamoja, kila mmoja na ukili wake, miyaa ishapakwa rangi, mazungumzo hayaishi, anayeoza binti anaomba msaada na anayeuguliwa anapangiwa zamu ya kwenda kumwangalia.

Kuna na vikundi vya kupanda mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku Lamu kwa hivyo kazi ipo. Ila tope si mchezo kwa nyonga na magoti ya mtu mzima, omba upewe kazi ya kitalu, kujaza tope kwenye vifuko na kupanga miche ukiwa umekaa kwenye kiti kifupi.

Kutembea nisilisahau. Shirika la Afya Duniani linasema hata aliyepita miaka 65 anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, kama kutembea haraka, na mazoezi ya kuimarisha miguu na kusimama imara siku tatu. Kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita tatu kufuata pwani. Nenda na mwenzio, viatu vilivyoshika mguu sio kandambili, na kurudi chukua boti ukichoka, hakuna aibu.

Biashara nayo watu wananiuliza. Biashara si hobi. Kiinua mgongo chote kikiingia kwenye boti ama bodaboda za kukodisha ambazo hujawahi kuziendesha, hutapata raha, utapata presha. Anza kidogo kwenye kitu unachokijua.

Na kama hujui unapenda nini, wengi hawajui kwa sababu hawajaulizwa tangu utotoni, mimi hua naanza na wajibu mdogo kabla ya hobi yenyewe. Aliyekua karani, mpe daftari la michango ya kikundi. Mwalimu, mpe watoto wawili wa jirani waliochelewa kusoma. Aliyekua na funguo za stoo, mpe funguo za madrasa afungue kila asubuhi. Mtu mwenye funguo anaamka, hawezi kulala watu wamesimama mlangoni. Jaribu kitu mwezi mzima kabla ya kusema hakinifai, wiki mbili za kwanza kila kitu kigeni kinachosha. Na uanze ukiwa bado kazini, miaka 57, 58, ukistaafu uhamie pahali ambapo washakuzoea.

Angalizo moja. Mtu akiwa zaidi ya wiki mbili hali vizuri, halali, hataki hata vitu alivyokua akivipenda, ama anasema afadhali afe, hapo usimtafutie bao wala mkeka, mpeleke hospitali. Huo ni ugonjwa na una matibabu.

Kwa asiyeweza kutoka kabisa, na nyumba zetu ngazi zake zinavyosimama wako wengi juu huko, shughuli ipandishwe kwake. Chagueni siku moja isiyobadilika, tuseme Alhamisi baada ya asr, kahawa itoke kwake, bao liwe chumbani kwake, na yeye ndiye awe anawapigia watu simu kuwakumbusha. Kama sauti yake bado ni nzuri, mjukuu akae naye na simu amrekodi, nani alizaa nani, jahazi gani lilikua la nani, mashairi ya harusi za zamani, afu aitume kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na walioko Mombasa na Uarabuni waambiwe wazi kwamba babu anasubiri majibu yao.