Boila Limepita Maji, Lakini Chuma Kimechoka

Kila viwanda vinapofungwa kwa matengenezo, malalamiko ni yale yale: boila limejazwa maji, likapandishwa presha, halikuvuja hata tone, sasa mkaguzi amezuia cheti kwa nini?

Chuma kinachobeba mzigo katika joto kali hutanuka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata kama presha haijawahi kuvuka kiwango. Wahandisi tunaita kripu. Kwa chuma cha kaboni inaanza kutusumbua kwenye nyuzi joto 400 hivi. Vyuma vyenye kromi na molibdeni huvumilia zaidi, ndiyo maana mabomba ya supahita, sehemu ya boila inayozidisha joto la mvuke, hutengenezwa navyo, lakini navyo huzeeka. Karbaidi ndogo, yaani vipande vigumu vya kaboni na metali vilivyomo ndani, zilizokuwa zikikaza chuma hukua na kupungua idadi, chuma kikalegea. Kisha vishimo visivyoonekana kwa macho hutokea kwenye mipaka ya chembe zinazounda chuma, hujipanga mstari, huungana, na hapo una ufa.

Kipimo cha maji hufanywa chuma kikiwa baridi, kwa muda mfupi. Kitakuonyesha tundu au kiungio kibovu. Umri wa chuma hakiuoni. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa karatasi ya kipimo cha maji kama utetezi.

Mabomba mengi ya namna hii husanifiwa kwa saa 100,000, yaani miaka 11 na ushei ya kuwaka bila kuzimwa. Kwa kanuni ya Larson na Miller ya mwaka 1952, inayohusisha joto na muda wa chuma kudumu, bomba ambalo lingedumu saa hizo kwenye nyuzi 540 litadumu kama 50,000 kwenye nyuzi 550, na kama 25,000 kwenye 560. Hilo ni joto la ukuta wa bomba, si la geji ya mvuke. Magamba yakijengeka ndani, mvuke haupozi tena ukuta vizuri, na geji haitakuambia kitu.

Niliwahi kuweka kaliper, kifaa cha kupimia kipenyo, kwenye bomba la supahita la boila la mtumba. Kipenyo chake kiwandani kilikuwa milimita 50.8. Kwenye kona iliyotazama moto ilisoma 52.6. Rangi ilikuwa mpya, inang'aa. Mwenye kiwanda, mtu mwungwana kabisa, alikuwa na cheti cha maji mkononi.

Kripu ikiachwa, mwisho wake ni huu: tarehe 9 Juni 1985, katika kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, Marekani, bomba kubwa la mvuke lilipasuka kwenye mshono wake wa kuchomelea. Watu 6 walikufa. Kituo kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1971.

Utaratibu wetu ni huu. Mkaguzi ataomba daftari la saa za kuwaka na joto, kisha vyeti vya chuma. Atapima vipenyo na unene. Panapotiliwa shaka, hasa pembeni ya mishono na kwenye kona, sehemu ndogo husuguliwa hadi ing'ae kama kioo, hupakwa asidi hafifu, kisha hubandikwa utando mwembamba wa plastiki unaonakili sura ya chembe. Utando huo ndio unaokwenda kwenye darubini. Vishimo vichache vilivyotawanyika: boila linaendelea kufanya kazi, tutarudi kupima. Vilivyojipanga mstari: muda wa kurudi unafupishwa na unaanza kuagiza bomba. Ufa: sehemu hiyo haiwashwi tena. Ukiiwasha baada ya amri ya kusimamisha, suala linatoka mezani kwa mkaguzi na kwenda kwa wanasheria, na huko bei ya bomba haitakusaidia kujitetea.

Usikate kipande kilichovimba ukachomelea kiraka. Vyuma vya kromi na molibdeni vinahitaji kupashwa joto kabla ya kuchomelewa na, kwa sehemu nene, baada yake pia, na fundi awe na cheti cha kazi hiyo.

Asiye na daftari la zamani aanze jipya leo. Boila la mtumba lisilo na kumbukumbu, sisi tunalihesabu kuwa limekwishatumia saa zake hadi vipimo vioneshe vinginevyo. Mdai muuzaji daftari hilo kabla hujalipa.