Funguo 32,767 Tu

Katika kazi yangu ya kukagua usalama wa mifumo, watu huniuliza kila mara kama usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu ili asomaye awe mwenye ufunguo tu, unaweza kuvunjwa. Huwajibu kwamba hesabu yake ni ngumu kweli kweli, ila ugumu huo wote unategemea jinsi ufunguo ulivyozaliwa.

Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani liliunda mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000, nayo ikaupata ufunguo wa DES, mbinu ya zamani ya usimbaji fiche, wenye biti 56 (tarakimu za 0 au 1) kwa kujaribu funguo mfululizo kwa saa 56. Ufunguo wa AES, mbinu inayotumika leo, una biti 128 au zaidi, na kila biti inayoongezwa huifanya kazi ya mdukuzi kuwa mara mbili ya ilivyokuwa, hata idadi ya funguo za kujaribu ikafikia namba yenye tarakimu 39. Hakuna mashine inayoweza kuzimaliza.

Hata hivyo, hesabu hiyo inasimama pale tu ufunguo unapotokana na namba ambazo hakuna awezaye kuzitabiri. Mwaka 2006, mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, aliona programu ya ukaguzi ikilalamika kwamba OpenSSL, programu inayotengeneza funguo, inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo bado haijajazwa kitu, akaondoa mistari miwili ya msimbo ili lalamiko liishe. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza karibu unasibu wote, yaani ile hali ya kutotabirika. Ikabaki namba ya mchakato peke yake, yaani namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwenye Linux wakati huo kwa kawaida haikuzidi 32,767, na kwa hiyo kompyuta za aina moja zikawa zinatoa funguo 32,767 tu kwa kila aina na urefu wa ufunguo. Ukiutazama ufunguo wa RSA (mbinu nyingine ya usimbaji fiche) wa biti 2,048 uliotoka humo, huoni kasoro yoyote: una urefu kamili na unafanya kazi kama mwingine wowote. Ndiyo maana kosa hilo lilidumu hadi Mei 2008, Luciano Bello alipoligundua.

Niliwahi kukagua seva ambayo programu zake zote zilikuwa zimesasishwa, lakini alama ya ufunguo wake nikaikuta kwenye orodha ya funguo dhaifu zilizotokana na kosa hilo. Kusasisha programu hakubadilishi ufunguo uliokwisha kuzaliwa, na wenye seva hawakuwa wameambiwa hivyo.

Funguo za DSA, mbinu ya kutia saini za kidijitali, ziliathirika zaidi, kwani hata uliotengenezwa kwenye kompyuta salama ulipaswa kutupwa endapo ulitumika kutia saini kwenye kompyuta yenye kosa. Kila saini ya aina hiyo huhitaji namba mpya ya siri, na anayeijua namba hiyo huukokotoa ufunguo kutoka kwenye saini yenyewe. Desemba 2010, jijini Berlin, watafiti walionyesha kwamba Sony ilikuwa ikitumia namba ileile katika kila saini ya programu za PlayStation 3. Saini mbili na aljebra ya sekondari zilitosha kuutoa ufunguo wa siri.