"Asubuhi hakuna upepo, dawa haiendi popote": dhana inayoharibu miti yetu michanga

Kila mwaka kati ya Desemba na Februari napigiwa simu za aina moja. Mkulima huku Mufindi, mkoani Iringa, ana milingoti (mikaratusi) au paina wa msimu wa kwanza, jirani yake ana shamba la mahindi, na shamba limepigwa dawa ya magugu. Wiki mbili baadaye miti imejikunja. Nikimwuliza jirani, ananijibu kwa moyo mweupe: "Nilipiga saa kumi na mbili asubuhi, hakuna jani lililotikisika." Jibu hili nimelichoka. Na linaniuma zaidi kwa sababu wanaolitoa ni wakulima makini, walioamka mapema makusudi wasimdhuru mtu.

Hewa ya saa kumi na mbili imetulia kweli, ila hatari iko kwenye utulivu huohuo. Usiku ardhi inapoa na kuipoza hewa inayoigusa. Hewa baridi ni nzito, inalala chini, na yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Hakuna kinachopanda wala kuchanganyika. Matone makubwa ya dawa yanadondoka kwenye magugu kama ulivyotaka, lakini madogo yanabaki yakielea. Tone la maikroni 100 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka mita 3 kwa sekunde 10 hivi. La maikroni 20 linahitaji kama dakika 4. Na hewa hiyo baridi haijasimama. Inateremka na mlima kama maji, kuelekea bondeni. Ikitambaa nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao shavu lako halitausikia, kwa dakika 4 imeshafika mita 120.

Msimu uliopita niliitwa kwenye mteremko mmoja. Juu palikuwa pameandaliwa kwa mahindi, ekari sita zilizopigwa glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwa bomba la mota alfajiri. Chini yake kulikuwa na milingoti ya miezi 11, ikishuka hadi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni. Safu zilizopakana na mahindi hazikuwa na doa. Zilizoharibika zilikuwa bondeni kabisa. Mzee mwenye miti alikuwa ameshaamua kwamba udongo wa chini una ugonjwa. Tukachuchumaa kwenye mti mmoja. Majani ya zamani yalikuwa mapana na mazima. Kileleni majani mapya yalikuwa membamba kama nyasi, ya manjano, yamesongamana kama ufagio, hakuna lililofika urefu wa kidole. Hivyo ndivyo glaifoseti inavyofanya: inasafiri pamoja na chakula cha mti hadi kwenye vichipukizi, na wewe unaiona mti unapojaribu kutoa majani mapya.

"Sasa mwanangu, imerukaje safu zote hizi?"

Nikamwuliza ukungu wa asubuhi hukaa wapi. Akanyosha kidole palepale tulipochuchumaa.

Kwa hiyo kabla hujachanganya dawa, tazama moshi wa jikoni. Ukipanda na kupotea, chukua bomba. Ukilala juu ya bonde kama shuka, rudi ndani unywe chai. Mara nyingi kifuniko hicho huvunjika saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza. Nataka upige wakati kuna upepo mdogo wenye mwelekeo mmoja, unaotikisa majani bila kupinda mashina, ukitoka upande wa miti kwenda mbali nayo. Kwa upepo huo unajua dawa inaelekea wapi. Upepo na joto vikizidi kuelekea mchana, acha. Na jua likizama kifuniko kinarudi, kwa hiyo usiniambie kuhusu kupiga saa moja usiku.

Kwenye dhana nyingine sitakaa muda mrefu. Wapo wanaoamini kwamba dawa ikiwa ukungu mwembamba ndiyo inaua vizuri, basi wanapampu kwa nguvu zote kwa nozeli ya kupulizia wadudu. Glaifoseti na 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, zinasafiri zenyewe ndani ya gugu, hazihitaji ukungu. Weka nozeli ya magugu yenye matone makubwa, punguza msukumo, shusha mkono wa bomba hadi usawa wa goti. Mimi hukata dumu la plastiki na kulifunga mdomoni mwa bomba kama mwavuli, na kuzunguka kila mche napalilia kwa jembe mita moja, dawa haifiki hapo kabisa.

"Ikishakauka haitoki tena." Si kila dawa. Baadhi ya aina za 2,4-D hugeuka mvuke kwenye joto hata baada ya kutua, na vikonyo vya milingoti na maparachichi ya jirani vinajipinda ndani ya siku moja au mbili.

"Ni sakitu." Sakitu yetu ni ya Juni na Julai, na mti uliojipinda Januari haukupigwa na baridi. Ukiona vinundu vilivyovimba kwenye mshipa wa kati wa jani la mlingoti, hao ni wadudu, tuzungumze siku nyingine.

Kuosha mti uliofikiwa na dawa kwa maji kunasaidia ukiwahi ndani ya dakika chache. Kuumwagia maziwa na sukari ili upone, hapana.

Ya mwisho ni kwamba mti usiokufa umepona. Paina aliyepoteza ncha hutoa vilele viwili au vitatu vinavyoshindana, na miaka 18 baadaye unapeleka mashine ya mbao gogo lenye panda. Usiung'oe mti kwa haraka. Subiri utoe machipukizi mapya, kisha chagua kilele kimoja kilichonyooka na ukate vingine vikiwa na unene wa penseli. Ukingoja vifikie unene wa mpini wa jembe, kidonda kitakuwa kikubwa na utakikuta ndani ya ubao.