Kula Mombasa kwa hela chache: fuata saa

Anayelalamika kwamba Mombasa ni ghali, mara nyingi ametafuta mahamri saa tano ya asubuhi, akayakosa, akaishia kwenye mkahawa wa watalii. Chakula cha bei rahisi hapa kina saa zake. Kikiwahiwa motoni ni kitamu na hakikumalizi mfuko. Saa ikipita, unakuta mabaki au karai limeshaoshwa.

Mahamri na mbaazi ni ya kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu. Kibokoni, Bondeni, Makadara, Majengo, kote utakuta mama na karai lake nje ya mlango. Simama kidogo uangalie kabla ya kuitisha. Hamri zuri hupanda juu na kuvimba mara linapotiwa mafutani, ndani likawa wazi, na harufu ya hiliki unaisikia hujalimega. Likizama na kukawia chini, mafuta hayajapata moto: litanyonya mafuta kabla ya kuvimba na litakulemea tumboni hadi adhuhuri. Likiwa bapa na gumu, unga haukuumuka vya kutosha.

Mbaazi nazo huchaguliwa kwa jicho. Hulowekwa usiku kucha, huchemshwa hadi zilainike kabisa, ndipo likatiwa tui jepesi, na mwisho tui zito kwa moto mdogo huku zikikorogwa. Tui zito likiachwa litokote kwa nguvu hukatika: mafuta huelea juu na chini hubaki maji yenye chengachenga. Sufuria kama hiyo ipite. Rojo la haki hushika kwenye kipande cha hamri hata ukikiinua.

Kuitisha ni kwa pesa, si kwa sahani. "Mama, nipe mahamri matatu na mbaazi za hamsini" ni maneno ya kawaida kabisa, na hayaachi nafasi ya kushtukiziwa bei mwishoni. Usiende na noti ya elfu saa moja asubuhi; chenji hana. Wengi wanapokea M-Pesa, lakini sarafu za 10 na 20 ndizo hukutoa pale upesi.

Mchana sina mengi ya kusema. Wali wa nazi na mchuzi, au ugali na samaki wa kukaanga, hupatikana katika hoteli ndogondogo za karibu na soko la Markiti, na ukisema "nusu" kwa kawaida unaeleweka. Uliza ni samaki gani kabla hajawekwa mezani: tafi ni rahisi, nguru ni wa wenye nazo. Pilau na biriani ni vya Ijumaa baada ya sala. Biriani ya Jumanne jioni huenda ina historia ndefu.

Baada ya kula, tembea, maana mji wenyewe hauna kiingilio. Ndia Kuu na vichochoro vya Mji wa Kale, pamoja na milango yake ya nakshi, ni bure. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu au nyumba, na vaa nguo ya kusitiri. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO 2011, inalipiwa; raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu. Kuvuka na kurudi ndiyo safari ya baharini isiyo na nauli, ila epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Jua likiwa utosini, kunywa dafu. Mwambie muuzaji unalotaka: la maji au la nyama. Likitikiswa na likawa kimya, limejaa maji na bado ni changa; likicheza ndani, linaelekea kuwa koroma, maji yamepungua na nyama inaanza kuwa ngumu. Ukimaliza kunywa mrudishie alipasue, akukatie na kipande cha ganda cha kukomba nyama. Watu wengi hutupa nusu ya walicholipia kwa kutojua hilo. Juisi ya miwa itake ikamuliwe mbele yako, na ndimu na tangawizi. Iliyokaa kwenye jagi hugeuka rangi ikachacha haraka.

Kuanzia kama saa kumi jioni karai hurudi barabarani, na hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa ngano wenye manjano, chumvi na pilipili, kisha vikakaangwa. Vikichovywa vingali na maji, unga hauishiki. Unabanduka mafutani, nawe ukabaki na kiazi uchi. Vizuri vina ganda kavu na ndani vinabomoka. Ukwaju ndio huvimaliza, basi uonje kwanza: ukiwa mwepesi kama maji ya kunawia, umeongezwa maji ili ufike usiku. Omba ukwaju pembeni ikiwa unabeba, la sivyo utafika nyumbani na uji.

Barabara ya Mama Ngina, mkabala na bahari, kuna mihogo ya kuchoma yenye pilipili, chumvi na ndimu. Mishkaki uile kwa kuhesabu vijiti. Nyama nyingi hulainishwa kwa papai bichi, na ikilazwa humo kupita kiasi hugeuka kuwa laini ya kutafunika bila meno. Kijiti kimoja cha kuonja kinatosha kukuarifu.

Usiku ni wa kahawa chungu. Muuzaji ana dele la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. "Ami, nipe moja," halafu unakaa. Kashata moja au halua kidogo ndiyo sukari yake. Halua nunua kwa uzani, robo kilo yatosha watu watatu. Hakuna anayekuharakisha, na mazungumzo ya barazani, kuanzia mpira hadi siasa za kaunti, yamo ndani ya bei.

Ramadhani ratiba yote hupinduka. Mchana vibanda vingi vya Mji wa Kale hufungwa, na kula hadharani huonekana utovu wa adabu. Alasiri meza hujaa, na ukifika nusu saa kabla ya magharibi una chaguo lote, ukichelewa, foleni.

Kwa anayekunywa, mnazi, yaani tembo la nazi, hauuzwi Mji wa Kale, wala usipite nao humo. Nenda kwenye mangwe, vilabu vya mnazi, upande wa Mtwapa. Mgema hugema asubuhi na jioni. Wa asubuhi ni mtamu, ukikaa hadi usiku huwa mkali na mchachu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo onja kabla ya kulipa. Ukibeba chupa, usikaze kifuniko: mnazi unaendelea kuchachuka njiani, na hewa ikikosa pa kutokea chupa hupasuka ndani ya matatu.