Ziara ya Siku Moja Mombasa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea zaidi hapa Mombasa kuhusu ziara za kuongozwa ni kwamba hizo ni shughuli za watalii kutoka ng'ambo, na kwamba mtu aliyezaliwa Majengo, Kisauni au Likoni hana haja ya kulipa ili aoneshwe mji wake mwenyewe. Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu imewanyima wenyeji urithi ulio mlangoni pao. Katika makumbusho na mbuga za taifa, raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini sana kikilinganishwa na cha mgeni, mradi aje na kitambulisho. Na kupita kando ya ngome ya Fort Jesus kila siku ukienda Mji wa Kale si kuijua. Ndani yake umehifadhiwa ukuta ambao Wareno waliochoshwa na lindo waliuchora majahazi na watu kwa mkaa na udongo mwekundu katika karne ya 17, na wengi wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu hawajawahi kuuona.

Kwa kuwa ngome hiyo ndiyo jengo la kale linaloonekana kuliko mengine, wengi husadiki kwamba historia ya mji ilianza na Wareno. Ukweli ni kwamba msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mombasa mwaka 1331 na kukuta watu wacha Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, ilhali ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kabla ya hapo Wareno walikuwa tayari wameushambulia na kuuteketeza mji huu mwaka 1505, wakarudi tena mwaka 1528. Hakuna anayerudi kuteketeza mahali pasipo na kitu.

Husemwa pia kwamba Fort Jesus ilijengwa iwe ghala la watumwa. Ilijengwa kulinda bandari na njia ya bahari ya kwenda India, na seli ambazo wageni huelekezwa kama ushahidi wa utumwa zinahusiana zaidi na miaka ya 1895 hadi 1958, Waingereza walipoigeuza kuwa gereza. Anayetaka kufuata historia ya utumwa kwa uaminifu ataenda kwenye mapango ya Shimoni, pwani ya kusini, kisha Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870, ambayo kengele yake ingali pale Kengeleni.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la kusimulia kuzingirwa kwa ngome na Waomani kati ya Machi 1696 na Desemba 1698 kana kwamba ni vita vya Waomani na Wareno peke yao, Waswahili wakiwa watazamaji wa kando. Miongoni mwa waliozingirwa walikuwamo Waswahili, na maradhi yalipowamaliza makamanda wa Kireno mwaka 1697, aliyeshika uongozi wa ulinzi kwa muda alikuwa mkuu kutoka Faza, katika kisiwa cha Pate. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko mizinga. Katika mwaka huohuo meli ya Santo António de Tanná, iliyoletwa kuiokoa ngome, ilizama mbele yake. Wanaakiolojia waliichimbua chini ya maji kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vilivyotolewa huko vimewekwa katika makumbusho ya ngome. Mwongozaji asiyeyagusa haya amekupitisha mahali bila kukuonesha.

Kuhusu Gede, magofu ya mji wa kale kaskazini mwa Mombasa, uvumi hudai kwamba mji ulihamwa kwa sababu ya majini. Uchimbaji ulioanzishwa na James Kirkman mwaka 1948 ulifichua mji wa Waswahili wenye jumba la kifalme, misikiti, vyombo vya kauri vya China na shanga za kioo kutoka Venice. Kuhamwa kwake katika karne ya 17 wataalamu hukuhusisha na kupungua kwa maji visimani na mashambulizi kutoka bara. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kaya za Wamijikenda nazo husingiziwa kuwa makao ya wachawi. Ni misitu mitakatifu ambayo wazee wameihifadhi kwa miiko, ndiyo maana miti mikubwa imesalia humo hali maeneo ya jirani yamefyekwa. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni: utavishwa kaniki, utaongozwa na mwenyeji, na hutatoka na chochote, hata jani.

Wapo wanaotaka Gede, Fort Jesus na mbuga ya Shimba Hills kwa siku moja. Gede iko takriban kilomita 100 kaskazini, na Shimba Hills ziko ng'ambo ya Likoni, ambako foleni ya feri pekee yaweza kula asubuhi, ingawa barabara ya Dongo Kundu imepunguza adha hiyo. Chagua upande mmoja.

Si kila anayekupokea langoni ni mwongozaji. Sheria humtaka awe na leseni, nawe una haki ya kuomba kuiona kabla ya kupatana bei. Pia angalia majira. Kusi linapovuma katikati ya mwaka bahari ya Shimoni huchafuka, hivyo safari ya kisiwa cha Wasini hufaa zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ya Shimba Hills ianze alfajiri, kabla ya jua kuwasukuma palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu, kichakani, kwani hakuna mbuga nyingine nchini Kenya utakakowaona.