Je, wajua pikapu ya dizeli huongezwaje nguvu bila kufunguliwa hata boliti moja?

Pikapu ya dizeli yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi, inaingia gereji asubuhi. Fundi hashiki spana. Anachomeka waya chini ya dashibodi, anakaa na laptopu yake kwa saa moja hivi, kisha anachomoa waya. Likitoka hapo, gari linapanda mlima kwa gia ambayo jana lilikuwa linaikataa. Injini ni ileile, turbo ni ileile, hata dizeli iliyo tangini ni ileile. Nguvu imetoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba ilikuwamo, kiwanda kiliifungia tu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayounguza pistoni za watu. Kwa hiyo twende polepole.

Injini ya petroli huongozwa kwa hewa. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kwenye njia ya hewa hufunguka, hewa huingia zaidi, na petroli hupimwa ili ilingane nayo. Dizeli ni kinyume, tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa kuendesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Hewa huachwa iingie kadiri inavyoweza, hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi, ndipo mafuta hupulizwa ndani. Dereva anayetaka nguvu ndogo hupewa mafuta kidogo, na anayetaka nyingi hupewa mengi. Kuchoma gramu 1 ya dizeli kikamilifu kunahitaji karibu gramu 14.5 za hewa, lakini injini inayotembea bila mzigo huwa na hewa mara kadhaa ya hiyo. Kuna hewa nyingi isiyotumika, ndiyo maana kuongeza mafuta tu kunatosha kuongeza nguvu, hadi kufikia mahali fulani.

Mafundi wa zamani walilijua hili kabla ya kompyuta. Pampu za dizeli za kimakanika zilikuwa na skrubu ya kuweka kikomo cha mafuta, na zile za injini za turbo zilikuwa na kiwambo kilichosukumwa na presha ya turbo ili kuongeza mafuta hewa ilipoongezeka. Fundi alizungusha skrubu nusu mzunguko, gari likapata nguvu, na moshi ukawa mweusi. Leo skrubu imegeuka namba. Mfumo wa reli, yaani bomba moja lenye presha kubwa linalogawia mafuta nozeli zote zinazoyapuliza ndani ya silinda, uliingia kwenye malori mwaka 1995 kupitia kampuni ya Denso ya Japani, kisha kwenye magari madogo mwaka 1997 kupitia Alfa Romeo 156. Tangu hapo kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini, kwa muda gani na kwa presha ipi.

Sasa tufungue faili la kompyuta hiyo, lile ambalo fundi wa laptopu hulibadilisha, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Ndani ya kompyuta ya injini mna majedwali mengi ya namba, ambayo mafundi huyaita ramani. Unapokanyaga mafuta, mguu wako haugusi pampu wala nozeli. Unapeleka ombi. Jedwali la kwanza husoma ombi hilo: pedali asilimia 80, injini mizunguko 2,200 kwa dakika, basi dereva anataka nguvu kiasi hiki. Ombi hilo hupitishwa kwa walinzi kadhaa. Mmoja hutazama nguvu ya kuzungusha, yaani torki, inayoruhusiwa kwa mzunguko huo ili giaboksi na klachi visiumie. Mwingine hutazama hewa iliyoingia na kusema mafuta yasizidi kiasi fulani ili moshi usitoke. Wapo wanaotazama joto la maji, joto la mafuta, joto la hewa inayoingia na joto la ekzosi. Kila mmoja hutoa namba yake, na namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayofuatwa.

Kanuni hiyo moja ikikukaa kichwani, utaelewa karibu kila kitu kuhusu kazi hii. Ukibadilisha jedwali la pedali peke yake, gari litaonekana jepesi kwa sababu mguu mdogo unaomba kingi, lakini ukikanyaga hadi chini utapata nguvu ileile ya jana, kwa kuwa mlinzi wa torki bado amesimama palepale. Kuna vifaa vinavyouzwa vikifanya hivyo tu, na wenye magari huapa kwamba gari limebadilika. Limebadilika namna ya kuitikia mguu, basi.

Tuchukue hesabu. Injini ya lita 2.5 yenye silinda nne ina lita 0.625 kwa kila silinda. Hewa ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 1.2 kwa lita, kwa hiyo bila turbo silinda ikijaa kabisa inabeba gramu 0.75. Turbo ikiongeza bar 1 (bar ni kipimo cha presha) juu ya presha ya nje, na kipoza hewa kikiishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50, silinda inabeba karibu gramu 1.36. Tuamue kwamba hatutaki chini ya gramu 18 za hewa kwa kila gramu ya mafuta, ili moshi usitoke. Tunapata miligramu 75 za dizeli kwa kila mpulizo. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini hiyo hupuliza mara 100 kwa sekunde, yaani gramu 7.5 za mafuta kila sekunde. Gramu moja ya dizeli ina nishati ya kilojuli 42 na ushei, na injini nzuri hugeuza kama asilimia 38 kuwa kazi. Jibu ni kilowati 120 hivi, au nguvu farasi zaidi ya 160.

Kama kiwanda kiliweka kikomo cha miligramu 55 kwa injini hiyohiyo, inatoka na kilowati 89, yaani nguvu farasi 120. Tofauti ya farasi 40 imo ndani ya namba. Hiyo ndiyo "nguvu iliyofichwa". Hesabu yangu ni ya karatasini, silinda za kweli hazijai kabisa, lakini inaonyesha vizuri kwamba kikomo halisi ni hewa. Fundi anayeanza na mafuta kabla hajajua hewa iliyopo anabahatisha.

Kwa nini kiwanda kiache nafasi hiyo? Si ubahili. Injini moja huuzwa kwa atakayeendesha jangwani penye nyuzi 45, kwa atakayevuta trela mlimani kwa saa tatu mfululizo, na kwa atakayejaza dizeli mbovu. Injini mbili zilizotoka siku moja hazifanani kabisa: nozeli ya moja hupuliza zaidi kidogo, turbo ya nyingine ni dhaifu kidogo. Namba za kiwanda lazima ziwafae wote, pamoja na sheria za moshi na dhamana ya miaka. Ukiniuliza, ile nafasi ni akiba, na kuitumia kunamaanisha kwamba sasa wewe ndiye unayebeba hatari ambayo kiwanda kilikuwa kinakubebea.

Toyota Hilux ni mfano mzuri. Injini yake ya lita 2.8 ilitoka mwaka 2015 ikiwa na kilowati 130 na torki ya Nm (nyutoni-mita) 450. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi kilowati 150 na Nm 500. Waliounda injini hiyo, wenye kila takwimu yake, hawakubadilisha namba za kompyuta pekee. Walibadilisha na turbo pia.

Kwenye kazi yenyewe, faili husomwa kupitia soketi ya uchunguzi yenye pini 16, ambayo magari madogo mapya Marekani yalilazimika kuwa nayo kuanzia matoleo ya 1996. Kompyuta nyingine zimefungwa, inabidi zitolewe garini na kusomwa mezani. Namba zikishabadilishwa, hesabu ya kuhakiki faili lazima irekebishwe pia, la sivyo kompyuta itaona faili limeharibika na gari halitawaka. Fundi makini huhifadhi faili la asili kabla ya kugusa chochote. Mdai nakala yako.

Njia ya pili ni kisanduku kinachochomekwa kati ya sensa ya presha ya mafuta na kompyuta. Kisanduku hiki ni cha kudanganya. Presha ya reli ikiwa bar 1,600, chenyewe kinaiambia kompyuta ni bar 1,450, na kompyuta inaiamuru pampu iongeze. Nozeli zikifunguka kwa muda uleule, mafuta mengi zaidi hutoka. Shida ni kwamba kompyuta haijui, na walinzi wote niliowataja wanafanya kazi kwa taarifa ya uongo. Mlinzi wa moshi anadhani mafuta ni miligramu 60 kumbe ni 63. Kwa maoni yangu, faili lililoandikwa vizuri ni salama kuliko kisanduku, hata kama kisanduku ni rahisi kukitoa.

Sasa joto, maana ndilo linaloua. Kwa mizunguko 3,000, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka digrii 18 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nozeli ikikaa wazi kwa sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde, tayari krenki imezunguka digrii 27. Ukitaka mafuta zaidi kwa kuiacha wazi muda mrefu, sehemu ya mwisho ya mafuta huungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Moto huo hausukumi sana, unapasha moto vali, ekzosi na turbo. Ndiyo sababu fundi hupandisha pia presha ya reli ili mafuta yaingie haraka, lakini faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: kutoka bar 1,600 hadi 1,800 ni ongezeko la asilimia 12.5, na mafuta huongezeka kwa asilimia 6 tu, huku pampu na nozeli zikibeba mzigo wote. Anaweza pia kuwahisha mpulizo. Hapo joto la ekzosi hushuka, lakini presha ndani ya silinda hupanda, na anayeumia ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na gasketi ya silinda hedi.

Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Gesi ndani ya silinda hupita hapo kwa mbali sana. Pistoni hupona kwa sababu moto ni wa kufumba na kufumbua, na oili hurushiwa chini yake kuipoza. Ukivuta mzigo mlimani kwa dakika kumi mfululizo, ule muda wa kupumua haupo. Ndiyo maana gari lililoongezwa nguvu linaweza kukimbia vizuri mwaka mzima mjini na kufa siku moja likivuta trela. Mwenye pikapu ya kazi asikubali faili lolote kabla joto la ekzosi halijapimwa likiwa na mzigo. Wengi hutaka lisizidi nyuzi 700 na kitu kidogo, kwa mvuto wa muda mrefu.

Turbo nayo ina mpaka wake. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na milimani kwenye hewa nyepesi hulazimika kuzunguka zaidi ili kufikia presha ileile. Kiwanda kiliweka jedwali la kupunguza presha kadiri unavyopanda juu. Anayelifuta jedwali hilo kwa sababu "linapunguza nguvu" ameiondoa kinga ya turbo.

Moshi mweusi, ambao baadhi ya watu huuona kama alama ya ushujaa, ni mafuta yaliyokosa hewa. Umeyalipia, hayakusukuma gari, na yamegeuka masizi yanayoingia mapafuni mwa walio nyuma yako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliutangaza moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani mwezi Juni 2012. Huko Marekani, mamlaka ya mazingira ilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kusafisha moshi katika muda wa takriban miaka kumi, jambo ambalo sheria ya hewa safi ya nchi hiyo inalikataza. Kuongeza nguvu hakulazimishi kung'oa chujio la masizi. Faili zuri huongeza nguvu chujio likiwa limebaki mahali pake.

Na ulaji wa mafuta? Wauzaji hupenda kuahidi kwamba utapungua. Gari lako kwa kilomita 80 kwa saa barabara tambarare linahitaji nguvu ileile iliyohitajika jana, na nguvu ileile hutaka mafuta karibu yaleyale. Ukitumia zile farasi mpya, utazilipia. Ukiwa umefunga kisanduku, usiamini namba ya ulaji kwenye dashibodi, kwa sababu kompyuta inahesabu mafuta inayodhani imeyatoa, na kawaida itakuonyesha nafuu isiyokuwepo. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, tembea, jaza tena hadi palepale, kisha gawanya.