Kusuka rasta nyumbani: kazi iko kwenye mwanzo wa msuko

Wanaoanza kujifunza kusuka huniuliza sana kuhusu vidole: kipi kipite juu, kipi chini. Hilo utalizoea baada ya siku chache. Funga rasta kwenye mguu wa kiti, suka, fumua, suka tena, mpaka mikono iende yenyewe huku unapiga soga. Kazi ngumu iko kwenye sentimita 2 za kwanza, pale rasta inapokutana na nywele.

Rasta mpya nyingi ni nyuzi za plastiki, na vichwa vingine huwashwa nazo. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, suuza, anika zikauke kabisa. Kisha zichambue, yaani uvute ncha zisilingane, ili msuko uishie mwembamba badala ya kukatika ghafla kama fagio. Nywele za kichwani nazo ziwe safi na kavu. Nywele mbichi hurefuka zikivutwa, halafu zikikauka zinajikaza na msuko unauma.

Gawa njia kwa kitana chenye mkia, uanzie kisogoni, maana makosa ya mwanzo hujificha huko. Miraba ya kama sentimita 2.5 inamtosha anayejifunza.

Sasa huo mwanzo. Wengi hufundishwa kukunja rasta katikati na kuifunga shinani. Inashika haraka, lakini uzito wote unaning'inia kwenye fundo tangu dakika ya kwanza. Mimi humwanzisha mwanafunzi bila fundo, ingawa inachukua muda zaidi. Gawa nywele za mraba mmoja mafungu matatu, suka mizunguko mitatu au minne ya nywele tupu, kisha ingiza uzi mwembamba wa rasta chini ya fungu moja. Mzunguko unaofuata, ongeza mwingine upande wa pili. Rasta ikiteleza, usivute nywele kwa nguvu. Sogeza kidole gumba na cha shahada karibu zaidi na mahali unaposuka, ubane hapo. Kubana ni kazi ya vidole; ngozi isihisi kitu.

Kila baada ya misuko mitatu, simama uangalie ngozi. Ikiinuka kama kihema kidogo kuzunguka shina, fumua. Mteja mmoja alinirudia siku ya pili akiwa na vipele vyeupe vimejipanga juu ya paji la uso. Nilikuwa nimekaza kwa sababu alitaka ikae muda mrefu. Tulifumua mstari wote wa mbele, na tangu siku hiyo sikubali tena kukaza, hata nikiombwa. Nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka, mashina hufa na upara wa hapo hauponi.

Ukimaliza, chovya ncha kwenye maji moto, ziwe mbali na mgongo na mabega. Rasta hushika maji na kuunguza, kwa hiyo zikamue kwa taulo nene kabla hujaziachia.

Fumua baada ya wiki 6 hadi 8. Utaona bonge la nywele kwenye kitana na moyo utashtuka. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zote hizo zilikuwa zimekwama ndani ya misuko.